Kopo Moja la Maji

Mimi huzijua harusi za Ngamiani kwa masufuria yake.
Bibi arusi simwoni, yeye yuko mbele, kwenye taa;
mimi niko uani, barabara ya kumi na nne,
na makumbi ya nazi, majivu, na ndoo zinazonisubiri.
Wengine husoma nyota. Mimi husoma masalia.

Harusi ya Zuwena binti Kupaza mvua ilianza adhuhuri.
Wakasema: huyu alipenda ukoko tangu utotoni,
na mla ukoko hunyeshewa siku yake.
Basi lawama ikamwangukia mtoto aliyekwangua sufuria,
si kamati iliyopika magunia manne
kwa watu ambao nusu yao walikuwa Duga na Mikanjuni,
wakitazama maji yakipita mlangoni.

"Tusiaibike," alisema mwenyekiti, Shebughe,
na neno hilo ndilo lililoleta gunia la tatu.
La nne lililetwa na jirani,
kwa kuwa harusi ya Mfungo Saba ilikuwa na matatu.

Mchele una subira: uweke guniani, funga kamba,
utakungoja.
Wali hauna.
Ukishatiwa tui umeanza kuhesabu saa,
na joto la Tanga halibembelezi.

Alfajiri niliinua mfuniko.
Wali unateleza, unanuka uchachu. Nikajua.
Nilibeba ndoo kumi na moja hadi jaani,
na katika kila ndoo kulikuwa na mtu:
mkulima wa Mombo, kakesha topeni kungoja zamu ya maji;
mkwezi wa Pangani, kashuka na nazi na kidonda cha paja;
na mama Zuwena, ambaye mkopo wa kikoba
anaulipa mpaka leo, kila Jumamosi,
kwa wali ulioliwa na kunguru.
Siku tatu jaa lilifuka.
Nzi waliingia majumbani bila kadi ya mwaliko.
Na kule Bombo, nje ya wodi,
wauguzaji walilalia kanga na chai kavu.

Sikusema kitu. Mwosha masufuria haitwi kamatini.
Ila hesabu niliiweka.

Mwaka jana nikamwoza wangu, Mwajabu.
Nilipita nyumba kwa nyumba na kikapu:
unakuja, tia punje ya hindi;
huji, usitie, hatutagombana.
Punje mia na themanini na mbili.
Nikapika masufuria mawili. La tatu likakaa tupu jikoni,
mchele mkavu pembeni, nazi hazijavunjwa,
mpaka nione viatu mlangoni.
Sahani nikatoa ndogo: rudi uongeze, usibakishe.
Na Mhina wa bodaboda nikamkalisha na mahotipoti,
kitakachozidi kifike Bombo kabla hakijapoa.

Hakikuzidi kitu. Mhina alisinzia juu ya pikipiki.
Watu watatu wa mwisho walikuta nyama imekwisha,
na mmoja wao, simtaji, ana mdomo,
alizifikisha habari hadi Chumbageni:
"Kazoea masalia yule, shughuli ataijulia wapi?"
Niliumia. Siwezi kusema sikuumia.
Usiku ule nilijiuliza gunia moja zaidi lingenigharimu nini,
na hapo ndipo nilipomwelewa Shebughe.
Swali hilo ndilo linalopika magunia yote ya mji huu.

Hata mimi sikupata sahani.
Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi
nikakwangua ukoko, mwekundu, unaolia menoni.
Mwajabu akaja na hina yake mbichi,
akanyoosha mkono kama alipokuwa wa miaka sita.
Amelelewa kwa ukoko, huyu.
Mvua haikunyesha.

Halafu nikaliosha sufuria lile
kwa kopo moja la maji.